Nyama Isiyo na Shahidi

Nyama ya kwanza kurudi ilirudi asubuhi, imefunikwa kwa jani lile lile la mgomba nililoifunikia mimi. Aliyeirudisha alikuwa jirani yetu wa upande wa kisimani, mwanamke mjane, shoga wa mke wangu, aliyekuwa akila mawindo yangu tangu mumewe yu hai. Aliniamkia vizuri, akaniuliza hali ya goti, kisha akaniambia kwamba amefunga. Nikamwambia kwani futari haipo, na nyama ya paa ikibanikwa haina haraka ya kuoza. Akacheka kidogo, akaliweka sinia juu ya kinu, akaenda zake.

Haikuwa Jumatatu wala Alhamisi, siku ambazo watu hufunga sunna. Nililiona hilo papo hapo.

Haukupita muda, seremala aliyekaa njia ya kwenda Msambweni akasema tumbo linamsokota. Mwenye duka akasema samaki kutoka Funzi wamejaa kwake hata paka wamewachoka. Mzee mmoja muuza madafu, ambaye kwa ajili ya nyama angevuka mto wenye mamba, akasema meno yake hayamruhusu tena, na mimi nilikuwa nimemwona jana yake akitafuna muwa. Mtaa mzima umeingia ucha Mungu na maradhi kwa mpigo mmoja! Mimi ni mtu wa shaka, sijifichi, lakini hapo hata asiye mtu wa shaka angeshuku.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimekwisha kuupa ujana kisogo. Tulikaa ndani kidogo kutoka barabarani, kati ya Msambweni na Diani, mahali ambapo mashamba ya mihogo yalipakana na pori linalopanda kwenda milima ya Shimba. Serikali ya wakati ule, kwa hofu ya mambo yaliyokuwa yakitokea bara, haikutaka kumwona mtu kama mimi na bunduki. Upinde nao hawakuupenda, na kumpiga paa bila ya kibali kulikuwa kosa. Lakini nguruwe mwitu na nyani walihesabiwa maadui wa shamba, na mtu aliyekutwa na mishale akisema anafuata nguruwe aliambiwa aende salama. Basi sisi sote tulikuwa tukifuata nguruwe. Kwamba paa walikuja wakajitia njiani, hilo lilikuwa shauri lao.

Nguruwe ndiye aliyenipasua goti la kushoto. Nilikuwa nimempiga mshale, nikaamini amekwisha, nikamsogelea katikati ya mihogo kama mtu anayekwenda kuokota embe. Akainuka. Nilishonwa, nikalala miezi, na goti likapona kwa nje, ndani likabaki na neno lake. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuanguka mnazi nikavunja bega la kulia, na bega hilo likawa linanipa habari ya mvua kabla ya mawingu kukusanyika. Mke wangu alinikanda kwa mafuta ya nyonyo kila jioni. Mara kwa mara nilikwenda kuumikwa, napigwa chuku mgongoni na pajani ili damu mbovu itoke. Watu wakanitazama nikipita na fimbo, wakasema haya, huyu naye basi. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichonga upinde mwingine, mfupi na mwepesi, ambao bega langu lingeuvuta bila ya kulalamika. Kwa kuwa upinde mwepesi haupeleki mshale mbali, ikabidi nijifunze kazi ambayo sikuipenda, kazi ya kungoja. Zamani nilikuwa mswagaji, wale wanaoingia porini kwa makelele kuwafukuza wanyama watoke. Sasa nikawa mkaaji. Niliketi kando ya ujia, ile njia nyembamba ya wanyama, mgongo kwenye mti, mguu mbovu umenyooshwa mbele, upepo ukinijia usoni, mpaka mnyama apite karibu hata nimsikie akipumua. Wallahi, katika ukaaji huo nilipata paa wengi kuliko nilipokuwa na miguu yangu mizima, na kila nilipowapata nilifurahi furaha ya mtoto, nikasahau kwamba nitalipia jioni.

Taabu ilianza baada ya mshale. Mnyama aliyepigwa haanguki pale pale. Hukimbia, akaanguka mbele huko anakokujua mwenyewe. Na kwetu mnyama aliyekufa kabla ya kufikiwa na kisu ni kibudu, na Mwislamu hali kibudu. Wenye elimu husema ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapouachia mshale, kisha ukamkuta mnyama amekwisha kufa kwa mshale huo, ni halali. Sibishani nao. Lakini watu wa kwetu hawakula kwa kitabu. Walitaka kujua kwamba kisu kilimkuta hai na damu ikaruka. Sasa nani wa kuwaambia, kama si mwindaji mwenyewe? Ng'ombe huchinjwa uani watu wakitazama. Wa porini huchinjwa na mtu mmoja kichakani, basi ukiikubali nyama yake ni kwa sababu umemkubali yeye. Na ukiikataa, je?

Siku nilizochelewa zilikuwapo. Nilijikokota nikifuata matone ya damu juu ya majani, nikafika nikamkuta paa amelala, jicho limeingia ukungu. Nikamgusa ubavu, kimya. Hao niliwaacha pale pale kwa siafu na fisi, nikachomoa mshale wangu, nikaufuta, nikarudi nyumbani nikasema leo hakupita kitu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu, kwani kusema nimemwacha paa mzima porini ni kusema mguu wangu umeshindwa. Laiti ningesema, paa wale wangekuwa mashahidi wangu. Sasa hata ningesema, nani angeniamini?

Neno lenyewe nililipata kwa muuza madafu. Nilimsubiri barabarani mpaka nikambana, nikamwuliza meno yake yamepona lini hata anatafuna muwa.

"Mimi sisemi kitu, bwana," akaniambia, macho yake yako kwenye madafu. "Lakini lisemwalo lipo."

"Lasemwa nini?"

"Kwamba wachinja kilichokwisha kufa."

Niliishika fimbo kwa mikono yote miwili. Nilitaka kumpiga. Nikataka na kumwuliza kama yeye ameliamini, lakini hilo sikuliuliza, kwa sababu nyama aliyoikataa ilikuwa imekwisha kunijibu. Kulishwa mtu haramu bila ya kujua, kwetu, si jambo la kusameheana kwa kahawa. Kama neno lile lingeachwa likae, ningekuwa si mwindaji tena, na pengine si jirani wala si mwenzao wa safu moja msikitini. Nikarudi nyumbani nikijiuliza jambo moja tu: ni nani?

Wa kwanza kumshuku alikuwa mlamu wangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa mdogo kuliko mimi, miguu yake mizima, na tuliwinda pamoja tangu nilipomwoa dada yake. Nilipoumia yeye ndiye aliyeshika kazi ya kupanga nani akae wapi, na nilikuwa nimekwisha kuona kwamba ujia anaonipa mimi ni ule wa karibu na nyumbani. Alisema ni kwa ajili ya goti. Mimi nikasema moyoni, ni kwa sababu paa hawapiti huko. Tena alikuwa na neno lake, "Pumzika, mlamu, yako umekwisha kuyafanya." Mtu akikusihi sana upumzike, tazama amekikodolea macho kiti gani.

Nikampelekea paja zima. Likarudi. Alisema jino.

Hapo ndipo nilipoanza kuwinda mtaani. Asubuhi, kabla ya wanawake kufagia nyua zao, nilizunguka na fimbo yangu nikisoma mchanga. Unyayo wa mlamu naujua, kidole chake cha mwisho kilipondwa na gogo kikapinda nje. Nikauona ukitoka kwake, ukapita nyuma ya mikorosho, ukaja mpaka mlango wangu wa jikoni. Haukupita mbele, ambako ningemwona. Mlangoni hapo mchanga ulikuwa umevurugwa, maana yake alisimama muda mrefu, na mbele yake palikuwa na nyayo za mke wangu. Kisha ukarudi kwa njia ile ile. Kaka kuzungumza na dada yake si dhambi. Lakini mlango wa nyuma wa nini?

Nikaanza kumtazama mke wangu. Niliona vitu ambavyo pengine vilikuwapo siku zote, lakini mtu akishashuku huona kila jani limetikiswa na mnyama. Alinipakulia nyama mimi, yeye akala sima na mchicha. Nikamwuliza mbona nyama huigusi.

"Yan'kaa menoni," akasema.

Meno tena! Nikala peke yangu nikimwangalia kwa upembe wa jicho. Siku nyingine nilipopita kisimani wanawake walikuwa wakicheka, waliponiona wakanyamaza, wakanipa shikamoo zilizonyooka mno. Nikaitika marahaba nikapita. Nyuma yangu hakuna aliyeongea mpaka nilipopinda kona. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na wazo hilo likanitia uchungu hata nikakosa usingizi.

Nikaamua nimkamate mlamu kwa njia ninayoijua. Nilimwambia kesho yake twende porini sisi wawili tu, hakuna kuswaga, atakaa na mimi ujiani. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza, asiulize. Tukaketi kimya kutwa nzima, nimemweka mahali ambapo naweza kuuona uso wake. Sikujua ninamvizia paa au ninamvizia yeye.

Paa akaja jua likianza kulegea, dume, anakula majani yaliyoanguka. Nikataja jina la Mungu kwa sauti, makusudi, ili mlamu asikie, nikauachia mshale. Ukampata nyuma ya bega. Akaruka, akaingia kichakani. Mlamu akainuka kutaka kukimbia, nikamshika shuka.

"Usende. Nifuate nyuma."

"Mlamu, atakufa."

"Nifuate nyuma, nimesema."

Nilikwenda nusu kwa fimbo na nusu kwa kutambaa. Miiba ikanichana, goti likawaka moto, jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji, na muda wote namsikia mlamu nyuma yangu akivuta pumzi kwa wasiwasi. Nikampata paa amekwama kwenye mizizi, miguu bado inapiga. Nikamlalia, nikamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi, nikachinja. Damu iliruka ikamchafua mlamu shuka yake yote ya mbele.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Damu imeruka?"

"Imen'rukia mimi."

"Utamla huyu?"

"Huyu n'tamla."

"Na wale wengine uliowarudisha?"

Akakaa chini akaanza kufuta shuka kwa majani, na kadiri alivyofuta ndivyo damu ilivyozidi kuenea. "Mlamu, wale mimi sikuwapo," akasema.

"Nani amesema? Sema, ni wewe?"

"Mimi!" Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli, nikaiona. "Mimi n'nawinda na wewe tangu lini? Usin'tie baina yenu."

"Baina ya nani na nani?"

Hapo akajua amekwisha kusema. Akatazama pembeni. "Neno limetoka nyumbani kwako. Nalikwenda kumwuliza dadangu mwenyewe, akaapa hakusema. Lakini kisimani wamemsikia kwa masikio yao. Mimi nifanyeje? Nimwite dadangu mwongo, ama nikuite wewe?"

Tukarudi yeye amembeba paa na mimi nimebeba hilo.

Mke wangu alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Sikumwamkia. Nilisimama mbele yake, nguo zimechanika, damu imenikauka mikononi, nikasema, "Umewaambia watu kwamba naleta kibudu."

Mkono wake ukasimama ndani ya kifuu. "Sikusema."

"Wamekusikia kisimani."

"Wamesikia nini?"

"Sijui wamesikia nini! Wewe ndiwe uliyesema!"

Akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha kifuu kikamponyoka. Akajishika mdomo kwa mkono uliojaa machicha ya nazi.

"Lo, masikini mimi," akasema. "Nalikuwa nateka maji na shoga yangu. Akan'uliza hali yako. Nikamwambia, usin'ulize, mwenzangu, kila akenda porini mimi naletewa kibudu nyumbani."

"Basi umesema!"

"Sikusema nyama, bwana." Sauti yake ilishuka hata ikabidi niiname nimsikie. "Nalikusema wewe."

Sikuelewa mara moja. Nilisimama pale nikimtazama, na yeye akaanza kusema kwa haraka, kama mtu aliyefungua mfereji asiojua namna ya kuufunga. Alisema narudi porini nimekwisha kufa. Naanguka mkekani na viatu miguuni, ananivua yeye. Ananikanda na mwili wamgojea tu kama gunia. Ananiuliza neno, sijibu. Ananiwekea chakula, nalala nacho mkononi. "Roho yako waiacha huko huko na hao paa," akasema. "Mimi waniletea kilichobaki. Hata nyama siili, nakuachia wewe, labda itakutia uhai. Basi niseme nini nikiulizwa?"

Nilimkazia macho nikitafuta uongo, kama ninavyotafuta tone la damu juu ya jani. Sikuuona. Shoga yake, siku ile kisimani, hakucheka wala hakuuliza zaidi, na mke wangu akadhani amemhurumia. Kumbe yule mwanamke alikuwa amesikia habari ya nyama. Akafikiri amepewa siri nzito na mke wa mtu, akarudisha sinia langu kwa adabu, akabuni saumu ili asinivunjie heshima, kisha akawaonya jamaa zake wachache kwa nia njema, asije mtu akatia haramu tumboni. Na jamaa zake nao wana jamaa zao. Hakuna aliyekosa. Nilikuwa nimemsaka adui katika mchanga wa mtaa mzima, na adui hakuwako.

Ningefurahi, sivyo? Sikufurahi. Iliniuma kuliko jino la yule nguruwe. Muda wote nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba mguu mbovu haukunishinda, kwamba bado nawinda, na mtu mmoja aliyeyaona matokeo yake kila jioni alikuwa ameyapa jina: kibudu.

"N'takwenda kwa shoga yangu sasa hivi nimwambie," akasema, akinyanyuka.

"Kaa!"

Akakaa. Kwani angemwambia nini? Ili paa asafike, ilibidi nichafuke mimi. Mwanamume kuitwa kibudu na mkewe, tena kisimani! Hakuna mtu pwani hii ambaye angesikia maana moja tu ya neno hilo. Wangelichukua mpaka Kwale, wangelipandisha basi la kwenda kwenye kivuko cha Likoni. Nikaona heri waendelee kuamini habari ya nyama. Kisha nikaona hapana, mtu anayewalisha watu haramu ataswaliwaje akifa? Nikawa nageuka kutoka hili kwenda lile, siku mbili tatu, sikwenda porini wala shambani, na mke wangu ananizunguka kwa kunyata. Hata hapo nilimshuku kwamba anafurahi nimekaa nyumbani.

Ijumaa nikaenda kuswali. Baada ya sala wanaume walikaa barazani kama ilivyo ada, wengine wakitafuta makubadhi yao. Niliona wamenipisha nafasi kubwa kuliko inayohitajiwa na mtu mmoja. Nafasi ile ndiyo iliyonitia hasira, na hasira ndiyo iliyonipa ulimi.

"Jamaa," nikasema, "nasikia nyumbani kwangu huletwa kibudu."

Aliyekuwa akivaa viatu akaacha.

"Ni kweli. Mke wangu amesema, na mke wangu si mwongo. Lakini hakusema nyama. Kibudu kinacholetwa ni mimi. Narudi porini nimekufa, hata neno la kumwambia mwenye nyumba sina. Hayo ndiyo aliyoyasema kisimani. Nyama yangu niliichinja ikiwa hai, na niliyoichelewa niliiacha kwa fisi. Sasa mwenye kucheka na acheke."

Hakuna aliyecheka. Muuza madafu alikuwa ameegemea nguzo, akakohoa, akasema, "Basi sisi sote hapa vibudu, bwana. Ila wake zetu ndio hawajakwenda kisimani kusema."

Hapo baraza ilipasuka. Walicheka mpaka mwenye duka akatafuta mahali pa kushika. Na mimi nikacheka, lakini kwa kuchelewa, kwa sababu nilitaka kwanza niwaangalie mmoja mmoja nione nani anacheka nami na nani ananicheka. Wengine sikuwajua hadi leo.

Yule shoga alikuja kwetu kabla ya jua kutua, anatokwa na machozi, sinia tupu mkononi, akamwomba mke wangu radhi na mimi pia. Alipewa fungu la paa yule niliyemchinja mbele ya mlamu, tulilokuwa tumelibanika. Watu wakarudi. Seremala akapona tumbo. Mimi nikagawa kama zamani, na kila nilipogawa nikajiuliza wanaila kwa sababu wameniamini, au kwa sababu wamenihurumia nilivyojivua nguo barazani. Nyama haisemi imepokewa kwa moyo gani.

Ikapita muda ndipo tulipokwenda kuwinda kikundi kizima, juu kuelekea Shimba. Mlamu alinipa ujia mzuri safari hii, na hilo nalo nikalishuku. Paa jike akapita, nikampiga chini kidogo ya nilipotaka, akashuka bondeni anavuta mguu. Nilipofika ukingoni nikaona mlamu amekwisha kumkamata chini huko. Amempigia goti, amemshika kichwa, amemwelekeza kibla, kisu kipo mkononi. Wenzake wamesimama kando.

Hawakuchinja. Walikuwa wamenigeukia mimi wote, wananingoja.

Nikaanza kushuka. Mteremko ulikuwa wa mawe, goti likakaza, likakataa kukunjika. Nikaweka fimbo, ikateleza. Hakuna aliyesema haraka, na kwa kunyamaza kwao nikajua wamekwisha kupatana hili bila ya mimi kuwapo. Wazo langu la kwanza lilikuwa baya: wanataka kuona damu kwa macho yao, bado hawaniamini. Kisha nikauona uso wa mlamu. Haukuwa uso wa mtu anayepima. Alikuwa anatoka jasho kwa kumshikilia yule mnyama, na alikuwa anamshikilia ili heshima ya kumchinja iwe yangu.

Paa alilia mara moja, akanyamaza, akawa anahema tu mbavu zikipanda na kushuka. Tumbo lote lilikuwa damu. Nilimwona kutoka kule juu, nikaona na njia iliyobaki kati yangu na yeye. Walikuwa wamemweka hai kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nakuja kwa mwendo wa konokono.

"Chinja!" nikapiga kelele.

Mlamu hakusogea. Alidhani namfanyia adabu.

"Chinja, wewe! Wamtesa kiumbe wa Mungu bure!"

Akainama. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwao. Nikauona mkono wake ukienda, nikaiona miguu ya paa ikinyooka. Nikakaa juu ya jiwe pale pale nilipokuwa, na nikalia, sikujificha, kwa sababu nilijua kisu changu kimekwisha kazi yake siku ile. Wao wakajifanya wanashughulika na kuchuna ngozi. Tangu hapo tuliwinda hivyo hivyo, mimi mshale na mwenye miguu kisu, na niliendelea miaka zaidi ya walivyodhani.

Jioni ile niliingia nyumbani nikavua viatu mwenyewe, nikamweleza mke wangu yote, bonde na mawe na paa. Alisikiliza akipakua. Alipokwisha kuweka sinia kati yetu akaniuliza, "Kachinja nani?"

"Kakako."

"Ulimsikia akipiga bismillahi?"

"Sikumsikia," nikasema. "Nilikuwa mbali."

Akaningoja. Nikamega sima, nikachukua na nyama, nikala.